Siku Tuliyoazima Nyumba ya Juu

Hapa mjini Moshi, ukitaka kujua nani ana hela, usimuulize mtu, tazama mlima. Walio upande wa mlima wanazo. Sisi wa Pasua, tulio chini, tunazo siku mojamoja. Baba yangu, fundi baiskeli mwenye maelezo ya kila kitu, alisema wazungu walikimbia joto na mbu, wakajenga juu, maji yakaanza kwao. Wenye vihela waliokuja baadaye wakafuata walipo wenzao, na lami ikawafuata wenye magari. "Na taka zao," humalizia, "zikafuata mtelemko."

Mimi hayo hayakunihusu mpaka nilipopata mchumba wa Marangu. Wazee wake walipotuma habari kuwa wanakuja kuniposa, mama alikosa usingizi kwa aibu. "Wakiona huu mtaro mlangoni watageuza," alisema. "Na wewe umri ndio huo." Asante, mama! Lakini yule kijana nilimpenda mno, na niliogopa kumkosa kuliko alivyoogopa mama. Basi tukaazima nyumba ya mwanakwaya mwenzake mama aliyesafiri, huko juu kwenye bustani na ukimya. Mchumba nilimwambia afunge mdomo, akafunga.

Wageni wakaja na madumu ya mbege, pombe yao ya ndizi. Babu wa mchumba alishuka na fimbo yake, akapokea shikamoo zetu, halafu akagoma kuingia ndani. Alisimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, akaduwaa.

"Mbe," alimwita baba kwa heshima ya Kichagga, "majani yote haya, ng'ombe yuko wapi?"

"Hatuna ng'ombe, mzee."

"Mnayauza?"

"Hapana."

"Sasa mnayakatia nini?"

"Yawe mafupi."

Babu aliwageukia wenzake. "Wanafuga majani," aliwaambia taratibu, kama anayetangaza msiba. Akazunguka nyumba kutafuta mgomba, akakuta maua. Shangazi mmoja alichuma ua, akalinusa, akauliza kama linaliwa. Mjomba mtu akaanza kurudisha dumu la mbege garini, akinong'ona kwamba watu wanaomwagilia kisicholiwa watamfundisha binti yao nini. Na mchumba wangu, zuzu wa watu, anatazama viatu vyake!

Hapo nikalipuka. "Jamani, hapa si kwetu! Tumeazima! Kwetu Pasua!"

Mama akajifunika uso kwa kanga. Babu alinigeukia.

"Huko kuna mgomba?"

"Upo."

"Twendeni."

Tukateremka wote, mbege ikisukasuka kwenye madumu. Mbele ya nyumba yetu, ukingoni mwa ule mtaro, ulisimama mgomba wa mchare, zile ndizi za kupika, wenye mkungu mzito uliotegemezwa kwa nguzo mbili. Babu aliupapasa shina kama anayekagua dume la ng'ombe.

"Mnatia mbolea gani?"

"Ya matajiri," alijibu baba, kifua mbele. "Mvua ikinyesha wanatuletea yote, hata hatuwaombi."

Babu alicheka mpaka akakohoa, akaagiza mbege imiminwe. Kibuyu kikazunguka, na mjomba yule yule wa dumu akanywa kuliko wote. Mama peke yake hakuketi. Alisimama mlangoni akiuziba mtaro kwa mwili wake, kama vile wageni walikuwa bado hawajauona. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Babu akamfuata pale pale. "Mkwe wangu," alisema, "tumekuja kuomba binti, hilo unalijua. Lakini nakuomba na chipukizi la ule mgomba. Nataka nikalipande kwangu Marangu."

Mama alimwangalia kana kwamba hajasikia vizuri. Kisha akaenda kuchukua jembe. Baba alipotaka kumsaidia alimfukuza. Alichimba mwenyewe, akiwa na kitenge kipya alichokishona kwa ajili ya wageni, matope mpaka magotini, akilia na kucheka, na hakuna aliyethubutu kumwambia akabadilishe nguo.