Mwantumu na Mlango wa Harusi

Mwantumu binti Kalinga alizaliwa Ilula, akaolewa Iringa mjini, mtaa wa Miomboni, na Alawi, muuza nguo ambaye babu zake walitoka pwani. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Bibie. Halafu Alawi akasafiri kwenda Pangani, akarudi na mke wa pili, Mwanakhamisi.

Huyo akisema "karibuni", hata wapita njia husimama. Mwantumu aliyasikia maneno yale yakiteremka laini, na roho ikamuuma. Jikoni, peke yake, alijaribu kuyaiga, ulimi ukakataa. Alimwomba Mungu amwondolee kijicho. Lakini akiinuka tu kwenye mswala, akamsikia mwenzake akicheka na wageni, kikamrudia kilekile.

Mwaka wa hamsini na sita Bibie akaposwa na Zubery, kijana wa Ilula. Siku ya harusi mama wa bibi harusi huzuia mlango, akataniana na watu wa bwana harusi mpaka wamlainishe.

"Mlangoni atasimama Mwanakhamisi," alisema Alawi.

"Bibie nimemzaa mimi, baba Bibie."

"Najua. Lakini wewe ukifungua kinywa yanamwagika mahindi. Nina wageni wa heshima."

Mwantumu akarudi kupepeta mchele, machozi yakidondokea kwenye ungo.

Watu wa bwana harusi wakaja. "Hodi!" Mwanakhamisi akawajibu kwa maneno ya vina, mazuri mno. Nje kimya. Mashangazi wa Zubery, wakulima, waliona haya kumjibu kwa Kiswahili chao. Akarudia. Kimya. Mmoja akasema, "Hawa wanatuona washamba. Twendeni zetu."

Bibie, aliyekuwa chumbani amefunikwa shela, akalia, "Mama! Wanaondoka!"

Mwantumu akaweka ungo chini. Akampita mwenzake bila kumtazama, akaushika mlango.

"Kamwene!" akapaza sauti, akiwasalimu kwa Kihehe. "Nyie wa Ilula, mmekuja kuchukua mtoto au kuota jua?"

"Kamwene!" Nje pakalipuka vicheko. "Mama mkwe, sogeza huo mwili tupite!"

"Mwili huu ndio uliomzaa mnayemtaka. Uombeni vizuri!"

Wakahamia Kihehe moja kwa moja, vigelegele juu. Mwanakhamisi naye akacheka, ingawa hakuambulia kitu. Akamvuta kanga. "Dada, wamesema nini hapo?"

Mwantumu akageuka. Hata akiwa amesahauliwa pembeni, mwanamke yule alikuwa mzuri, na sauti yake tamu. Wivu ukamchoma palepale, katikati ya furaha.

"Ningoje kwanza, mwenzangu," akasema. "Leo naoza mwanangu."

Akaufungua mlango.