Mkaguzi Aliyehesabu Dawa Mara ya Pili

Hakuwa na jokofu. Hakuwa na kivuli, ila kile cha lori lenyewe. Hakuwa na ruhusa ya kuiamini lakiri iliyofungwa na wenzake wa ng'ambo, wala nambari ya simu ya ofisi yao, iliyo hatua mia mbili kutoka mezani pake.

Alikuwa na koleo, na mpakani ndilo jina lake: Koleo.

Saa tatu asubuhi anakata lakiri ya lori la nne. Ana miaka hamsini na tisa. Imebaki miezi minane astaafu. Nyuma ya uzio, mkaguzi wa ng'ambo aliyeifunga muda mfupi uliopita anamtazama.

"Shemeji, umekata tena? Mzigo niliouhesabu umezaa njiani?"

"Sheria, shemeji. Hata ungehesabu malaika, ningewahesabu upya."

Wanaitana shemeji kwa utani tu. Zamani walicheka wote. Siku hizi Koleo anatania kwa mdomo tu.

Mwaka jana, siku ya jua kali, alifungua maboksi mia moja na arobaini ya dawa ya kisukari, dawa isiyotaka joto. Ng'ambo walikwisha kuyahesabu. Yeye akayapanga chini, akahesabu kwa saa tatu. Barafu iliyopakiwa nayo ikayeyuka. Kwenye fomu, penye hali ya mzigo, akaandika: nzuri.

"Ningeandika mbaya, ningeulizwa," anasema. "Niliogopa kuulizwa."

Dawa ilikwenda hospitali alikotibiwa kisukari mkewe. Wiki ya tatu mkewe akafariki.

"Siwezi kusema ni ile. Siwezi kusema siyo. Siku ile alifurahi: 'Baba watoto, leo dawa imewahi.'"

Mwezi ujao wakuu wa forodha wa pande mbili watakutana ng'ambo kuamua kama ukaguzi mmoja wa pamoja utatosha. Wakaguzi wa pande zote wameombwa maoni, yapelekwe ofisi ya ng'ambo, mwisho leo. Koleo ameandika kurasa mbili, na lile neno "nzuri" amelitaja.

Bintiye, aliyemletea chakula, anazisoma mara mbili.

"Baba, sema dawa ziliharibika, basi. Kwa nini ujitaje? Watakunyima kiinua mgongo."

"Hadithi wanazo nyingi, mwanangu. Mimi nawapa tarehe na mtu."

Anachotumaini ni kidogo: "Atakayekaa kiti hiki asihitaji koleo."

Anapaka gundi, anabana bahasha kwa kidole gumba mpaka inashika. Anakwenda kwenye uzio, anaipenyeza.

Shemeji anaigeuza mkononi. "Nikague?"

"Ipeleke ilivyofungwa."

Shemeji hacheki. Anaitia kwenye mfuko wa shati, anafunga kifungo, anaondoka nayo.