Siku Niliyomwamuru Mama Mkwe Akanyage Klachi

Mpaka leo nikipita getini pa lile kanisa la Mtendeni natazama upande wa pili, maana aibu niliyoipata pale, jamani, niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Klachi ya gari langu (kigari cha zamani, msicheke) ilikuwa inavujisha mafuta, nikanunua pampu zote mbili, ya juu na ya chini, nikazifunga mwenyewe. Fundi jirani yangu alinionya kwamba kutoa hewa kwenye mafuta, ambayo ikibaki pedeli haishiki, ni kazi ya watu wawili, mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua nati, lakini mke wangu alikuwa anabembeleza mtoto, sikutaka kumsumbua, nikaikandamiza pedeli kwa fimbo, nikajisifu, nikanawa mikono.

Kesho yake ilikuwa ubatizo wa Neema, mtoto wetu wa kwanza. Mke wangu alitangulia naye kanisani, mimi nikaenda stesheni kumpokea mama mkwe aliyetoka Tura, ndiyo kwanza anapanda gari langu. Nikamwamkia, nikamkalisha mbele, tukaenda mwendo wa adabu. Kufika getini nakanyaga klachi, pedeli ikazama moja kwa moja wala haikurudi, gari likarukaruka, likazimika katikati ya lango, na nyuma yetu kwaya nzima na sare zao hawana pa kupita.

Nikafungua boneti. Hewa lazima itoke, na wa kukanyaga ni mmoja tu, lakini mama mkwe unamwamuruje? Nikajifanya natafuta spana. Mara namwona amehamia kiti changu, amevua viatu.

"Lala chini, baba Neema," akasema. "Marehemu mzee wangu aliendesha lori la Urambo miaka mingi, na aliyekuwa anamkanyagia ni mimi. Wewe sema tu, tena kwa sauti."

Basi nikalala vumbini na shati langu jeupe, nikawa napaza sauti, kanyaga, shikilia, achia, kanyaga tena, mbele ya wazee wa kanisa, na mama wa watu anaitikia "nimeshika" kila mara, mpaka mapovu yakaisha. Mwishoni sauti yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani nimemchosha, kumbe analia. Akaniambia taratibu kwamba tangu mzee afariki hajamwitikia mtu hivyo.

Tuliingia jina la Neema likiitwa, mimi nimechafuka mpaka kwenye kola, yeye kanishika mkono. Nimeapa sitatoa hewa peke yangu tena, hata kama gari litalala uani mpaka mama aje kutoka Tura.