Siku Nilipotafsiri Kesi Yangu Mwenyewe

Jamani, aibu hii nimeimeza miezi minane, leo naitoa mwenyewe, chekeni mpaka mshibe.

Mnajua kazi yangu ni kuendesha watalii kutoka Mwanza kwenda mbugani. Basi nikampata mzee mmoja Mwingereza, ana cheo cha kurithi kwa baba yake, ana mashamba na kondoo wasiohesabika, na kwao ni hakimu (tena halipwi, ni heshima tu). Akasema angependa kuona shamba la mtu wa kawaida. Nami nilikuwa nagombea uenyekiti wa kitongoji kule Kisesa, nikaona bahati imenidondokea, nikampeleka kwangu, watu wakajaa, nikamtangaza kwa sauti kwamba huyu ni hakimu mkubwa wa Uingereza na ni rafiki yangu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mama Kulwa, mjane jirani yangu, akapiga goti mbele ya mgeni.

"Shikamoo baba. Kwa kuwa wewe ni hakimu, naomba utazame mpaka wetu. Huyu bwana amesogeza minyaa yake kwenye shamba langu."

Macho yote kwangu. Mkalimani mimi, mshtakiwa mimi! Nikamwambia mzee kwamba mama anausifia uzio wangu wa minyaa, anaomba auone, nikajiona mjanja kweli. Kumbe mzee hapendi kitu duniani kama uzio, kwao anao uliopandwa na babu wa babu yake, akatoka mbio kama kijana, umati mzima nyuma yake, akainama, akapapasa minyaa, akasema huu bado mchanga sana. Akaingia kwenye mihogo yangu, akakuta visiki vya minyaa ya zamani vimenyooka mstari mmoja, akahesabu hatua kutoka visiki hadi uzio mpya. Saba. Watu wakahesabu naye.

"Tafsiri," akasema Mama Kulwa.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. "Anasema uzio umehamishwa."

Mzee akaniuliza taratibu shamba hili ni la nani na lile la ng'ambo ya uzio ni la nani, nikajibu hili langu, lile la huyu mama, akanitazama, kisha akavua kofia na kumwinamia Mama Kulwa.

Wiki ile ile niling'oa minyaa yote, utomvu ukaniingia machoni, wapita njia wakadhani nalia kwa kutubu (na kweli nilikuwa natubu). Tangu hapo nimeapa, mgeni nitamleta nyumbani, lakini cheo chake atajitajia mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji sasa ni Mama Kulwa. Juzi nilikwenda kwake kuomba barua ya utambulisho, akanikaribisha kiti, akaniuliza kama nimekuja na mkalimani.