Mkanda Usiotaka Kilio

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mkanda wa kurekodia una mwiko, kama dawa ya mganga: ukisikia lawama unakatika, na mwimbaji anaulipa kwa ng'ombe. Habari hiyo nilipewa mjini, mtaa wa Kanyenye, na fundi cherehani ambaye maishani mwake hakuwahi kuona mkanda wowote isipokuwa ule wa kupimia viuno.

Mimi nilikuwa mwimbishaji wa chama chetu cha kulima. Kwetu Unyamwezi, anayeyaimbisha majembe ana ruhusa ya kumsema yeyote, hata mtemi, mradi mdundo usipotee. Upepo ukiwa mzuri, sauti yangu ilisikika hadi Urambo. Ukiwa mbaya, ilisikika vilevile.

Wimbo wetu mkubwa ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisifu kijiji kipya cha Ujamaa, wala haikudanganya: palikuwa na shule, na ndipo mimi na ndevu zangu nilipojifunza kusoma katika darasa la usiku. Ya pili ilikuwa ya kiu. Tulikuwa tumehamishiwa kando ya njia ya zamani ya misafara, basi tukaimba:

Babu alipita hapa na pembe begani, hakutua;
sisi tumetua, na watoto.

Wapagazi walijua kwamba pale hapana maji. Sisi tuligombea tope na fisi. Mtoto wetu mdogo alikuwa akiharisha, amekonda hadi shanga za kiunoni zikamvuka.

Ndipo ikaja habari kwamba watu wa redio watafika kuturekodi.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "na kiu utaiimba?"

"Mkanda utakatika."

"Na ukatike! Mtoto je, yeye hakatiki?"

Nikacheka, nikajiona mwerevu. Walipofika asubuhi yake, niliimba sifa, na katika beti za kiu nikamimina maji mengi hata bata wakachoka kuogelea. Katikati ya wimbo mbuzi wetu akalia kwa kiu, meee! Jasho lilinitoka la kujaza pipa. Mkanda haukukatika. Nikasema moyoni, afadhali, haujui Kinyamwezi cha mbuzi.

Wimbo ulipotangazwa tulijazana kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenye redio, tukapiga vigelegele kwa ndimi kavu. Baadaye likapita gari la wachimba visima, na mabomba yake, bila dalili ya kusimama. Nikalikimbilia.

"Si ninyi wenye bata?" dereva akaniambia. "Sisi tunakwenda kwa wasio na maji."

Kiangazi kikazidi. Mtoto hakuweza tena kukaa mwenyewe. Landrova ya watu wa redio ilipopita tena, ikitoka Urambo, nililala barabarani mbele yake kama gogo. Akashuka fundi wa mitambo, yule kijana aliyeturekodi.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Rekodi tena, mwanangu, sasa hivi. Naimba kiu. Mkanda ukikatika, chukua ng'ombe."

"Ukatike kwa nini?"

Nikamweleza ule mwiko, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikuwa akimtazama mke wangu kando ya barabara, mtoto mgongoni, kichwa kimelegea.

"Mzee," akasema, "mkanda haukatiki kwa maneno. Unashika kila kinachosikika. Hata yule mbuzi yumo."