Mifuniko ya Sufuria kwa Maman Eulalie

Maman Eulalie alikuwa mwalimu wa hisabati mwenye ulimi mkali na kicheko cha karibu, na katika shule yake ya Kadutu, mjini Bukavu, hukujua kamwe kipi kingetangulia. Wiki hiyo kicheko kilikuwa kimemkauka. Mkuu wa shule, Prefe Constantin, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: mkaguzi akija Ijumaa na kukuta darasa la nane bado linababaika kwenye duara, darasa hilo atapewa mwalimu mwingine. Na Eulalie alilipenda darasa lile kuliko alivyokuwa tayari kukiri, hata mbele ya padri.

Shida ni kwamba watoto waliimba "trois virgule quatorze", yaani ile tatu nukta moja nne ya duara, vizuri kuliko kwaya ya parokia. Lakini ukiwauliza namba hiyo imetoka wapi, wanakutazama kama umewauliza umri wa askofu. "Iko namba ya mwalimu," mmoja alijibu, kwa heshima zote.

Basi Alhamisi akawaambia, "Kesho kila mutu alete kitu ya muviringo toka mu jikoni ya mama yake. Musiombe sana. Mulete tu."

Hilo "musiombe sana" ndilo lililozaa balaa. Ijumaa asubuhi ikaja mifuniko ya sufuria, rundo zima, yote ya aluminiamu, yote imetoka kwa mafundi walewale wa sokoni. Watoto wakapima kwa kamba na rula. Aliyepitisha rula kando alichekwa: "Pitisha katikati, we! Hapo umekata sikio tu." Kila mfuniko ukaandikwa kipenyo chake kwa chaki. Kisha kamba ya mzingo ikakatwa vipande vyenye urefu wa kipenyo: vitatu, na kamkia kakabaki. Mfuniko mkubwa, vitatu na kamkia. Mfuniko mdogo, vilevile. Watoto wakaanza kutazamana.

Huko chini majumbani maharagi nayo yakaanza kuchemka bila kifuniko. Akina mama wakapanda mlima wakiwa wamefura, mbele yao Maman Yolande, kiongozi wa akina mama wa parokia, ambaye hata prefe humpisha njiani.

"Eulalie! Unafundisha batoto hesabu ao wizi?"

Wakavamia rundo. Loo! Ghafla kila mmoja mfuniko wake ulikuwa ule mkubwa, mpya, unaong'aa. Yolande aliushika upande huu, jirani yake Adolphine akauvuta upande ule.

"Ba mama," Eulalie akasema, "mufuniko haina kinywa ya kujitetea. Muende nyumbani, muzungushe kamba ku sufuria, mulete hiyo kamba. Batoto batawapatia mufuniko."

Waliporudi na kamba zao, mkaguzi naye alikuwa anaingia. Prefe, nyuma yake, aliona darasa limejaa mama wenye kamba, akafumba macho.

Kamba ya Yolande ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilipokelewa na binti yake Carine, ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha kidole. Akapima, akagawa, akakunja uso.

"Maman, hii kamba inataka ile mufuniko kubwa."

"Si nilisema!"

"Lakini sufuria yetu iko na tumbo. Ulizungusha ku tumbo. Mufuniko inafunikaka mudomo."

Darasa likalipuka. Mkaguzi akang'ata midomo asicheke, akamuuliza Carine trois virgule quatorze ni nini hasa.

"Ni mara ngapi kamba ya kupita katikati inaingia mu kamba ya kuzunguka," Carine akamjibu mkaguzi. "Ku sufuria yetu, ku ya Maman Adolphine, hata ku yako, Papa. Iko ileile."

Wote wakamgeukia Yolande wakingojea kofi. Yolande aliuachia mfuniko mkubwa polepole, akamtazama binti yake kama mgeni aliyeingia na zawadi.

"Munasikia?" akawafokea wenzake. "Huyu ni mutoto wangu!"

Mkaguzi akampa Eulalie mkono na kuaga. Prefe alibaki mlangoni, akijikuna kichwa.

"Darasa inabaki yako, Maman Eulalie," akanong'ona. "Lakini… muke yangu anauliza mufuniko yake iko wapi."

Eulalie akacheka kile kicheko chake cha karibu. Akamnyooshea kamba.