Digrii ya Kodi, na Uongo Niliomwambia Baba

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba alipooza upande wa kulia. Alikuwa na duka dogo la mbegu na mbolea pale Mosocho, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemsomea barua za watu wa kodi. Zilimtisha. Siku moja, kabla hajapooza, nilimweleza kwamba barua aliyoificha chini ya gunia mwezi mzima ilimtaka tu ajaze fomu. Akasema, "Basi hicho ndicho utakachosomea."

Kwa hiyo matokeo yalipotoka, hatukubishana kuhusu kozi. Kilichobaki ni chuo. Nairobi kulikuwa na chuo chenye digrii ya kodi yenyewe. Cha Kisii mjini, ambacho ningeenda na kurudi nyumbani Kiogoro kila siku, kilikuwa na digrii ya biashara tu, kodi ikiwa somo moja la mwaka wa mwisho.

Baba hakuweza tena kuongea. Mama alikuwa mpishi wa shule moja kule Sironga, akirudi Ijumaa kabla ya Sabato na kuondoka Jumapili. Mimi ndiye niliyemnywesha baba uji na kumgeuza kitandani.

"Tata," nilimwambia, ndivyo tunavyowaita baba zetu kwa Kigusii, "chuo cha hapa ni kidole kimoja. Cha Nairobi ni viwili."

Aliinua viwili bila kusita.

Nikaenda saiba mjini, kwenye kompyuta za kulipia, nikachagua cha hapa. Niliporudi nikamwambia cha Nairobi kimejaa. Akafumba macho, akanipapasa mkono.

Alifariki wiki mbili kabla sijaripoti chuoni. Muda wa kubadilisha chuo ulikuwa umeshapita.

Baada ya mazishi, mama alikuwa akikunja mashati ya baba, nikamweleza yote.

"Alijua," mama akasema. "Nilimuuliza kama ameamini ya kujaa, akatikisa kichwa kukataa."

"Mbona basi hakunikasirikia?"

Mama aliendelea kukunja. "Kila Jumapili nilipoondoka alikuwa analia. Aliogopa wewe pia uende, abaki na watu wa kulipwa. Siku uliyochagua hapa, ndiyo siku aliyolala vizuri."

Nilidhani maneno hayo yangenipunguzia uzito. Hayakunipunguzia. Nilimwona upya akiniruhusu niende, huku moyoni akiomba nibaki, na mimi nikamjibu kwa uongo badala ya kumwambia tu kwamba nami sitaki kumwacha. Tungelia pamoja, tukamaliza.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Katika kipindi cha kwanza cha somo la kodi, mhadhiri alimuuliza kila mmoja wetu kwa nini alichagua chuo hiki. Nilisema kilikuwa karibu na nyumbani. Darasa likacheka, nami nikainamia daftari hadi zamu ikapita kwa mwingine.